Final Fantasy VIII: Acheni kutetea ule upuuzi wa kituo cha yatima

Wakuu, leo povu ruksa. Ambaye hajaimaliza hii gemu apite mbali, maana nataja kila kitu. Imetoka 1999, muda wa kutunza siri ulishakwisha.

Kila nikigusia kituo cha yatima, ile siri kwamba mashujaa wa gemu karibu wote wamelelewa nyumba moja na wakasahau, kuna watu wananirushia jibu lilelile: "Ni GF mkuu, zinakula kumbukumbu." Nimechoka! Hilo nalijua na wala silipingi. Guardian Force (GF), kiumbe wa kuitwa vitani, inakaa kichwani mwa mtumiaji, na pale inapokaa ndipo kumbukumbu zake zilipokuwa. Minong'ono ya madhara hayo ipo tangu mwanzo kabisa, Balamb Garden, shule yao ya kijeshi, kwa anayesoma zile kompyuta za darasani badala ya kukimbilia karata. Kwa hiyo Squall, Zell, Quistis na Selphie kusahau kwamba wamelelewa nyumba moja, sawa, nawapa.

Shida yangu ni waliokumbuka.

Irvine, naye wa kituo hichohicho, katokea shule nyingine, Galbadia Garden, hakuwa mtumiaji wa GF, na wenzake anawafahamu tangu wanakutana. Deling City anapewa bunduki ampige Edea, mchawi adui ambaye kumbe ndiye mama aliyemlea. Kile kipande ndicho ninachokipenda kuliko vyote vya diski ya kwanza: gwaride linapita chini, jamaa kashika bunduki anatetemeka, anasema hawezi, na Squall anadhani ni woga tu, anamtuliza apige. Ukirudia gemu ukiwa unajua siri yake, unaumia. Lakini hapohapo ndipo stori inapojimaliza. Aliye pembeni yake ni Squall, wamekua pamoja, na hata "oya, huyu si Mama?" hakuna. Sababu anakuja kuitoa baadaye Trabia, shule ya zamani ya Selphie: aliona wenzake wamesahau, akajisikia vibaya kubaki peke yake na kumbukumbu, akanyamaza. Yaani mtu anakwenda kumuua mama yake mlezi kwa sababu kanuna?

Na hiyo Trabia yenyewe sasa. Shule imelipuliwa na makombora, rafiki zake Selphie wamekufa, wao wako kwenye uwanja wa kikapu. Irvine anaanza kusimulia, mara huyu "nyumba ya mawe?", mara yule "karibu na bahari?", na baada ya dakika chache wamekumbuka hadi fataki walizowasha usiku. Quistis naye anagundua kumbe alivyokuwa anamhangaikia Squall ni mambo ya dada na mdogo wake. Kwisha habari. Kumbukumbu zilizoliwa miaka yote zinarudi kwa kuambiwa tu? Huko si kuliwa, huko ni kusahau ulipoweka funguo.

Tuje kwa Cid, huyu ndiye anayenipandisha presha. Mkuu wa Balamb Garden, mume halali wa Edea. Hakuna popote tunapoambiwa GF imemla yeye kichwa. Anajua kila kitu, na bado vijana wa miaka 17 na 18 waliolelewa na mke wake wanatumwa kwenda kumuua huyohuyo mke, bila kuambiwa neno. Naelewa SeeD, kikosi cha askari wa Garden, ilianzishwa kwa ajili ya kupambana na wachawi. Ila diski ya tatu wanamkuta nyumbani kwa Edea na hakuna anayemkaba shati! Hata Zell, anayewaka kwa kila kitu, hamwakii.

Kinachouma zaidi, mwandishi ni Nojima, yuleyule wa Final Fantasy VII. Kule Cloud, steringi wake, alipogundulika kumbukumbu zake zimechanganyika na za mwingine, gemu ilisimama, tukaingia kichwani mwake tukapanga kipande kwa kipande. Huku steringi anagundua adui yake ni mama yake, na mjadala unaisha kwenye uwanja wa kikapu, wanakubaliana kuendelea kutumia GF zilezile, safari inaendelea.

Watetezi njooni. Nataka jibu la Irvine na Cid tu. Atakayeandika "GF" namruka. Na wale wa "Squall alikufa mwisho wa diski ya kwanza, mengine yote ni ndoto" bakini hukohuko, Kitase aliyeiongoza gemu alishakanusha.