Namugongo kwa miguu au kwa baiskeli kutoka Mwanza: mliowahi kwenda hija tupeane uzoefu

Jiwe la Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Jana nilikuwa Mwaloni nanunua dagaa, akapita mama mmoja na fulana ya mahujaji iliyofuliwa mpaka neno "Namugongo" limebaki "ugongo". Nikashtuka. Mwaka juzi mke wangu alijifungua kwa shida sana, nami niliweka nadhiri nje ya wodi: nitafika Namugongo, kule Uganda walikouawa mashahidi, tarehe 3 Juni, siku yao, kwa nguvu zangu mwenyewe, si kwa basi. Deni hilo limeanza kunidai.

Nina njia tatu. Ya kwanza, meli usiku hadi Bukoba, halafu kutembea na kundi la parokia siku 11. Ya pili, vijana wa baiskeli wanaoanzia hapahapa: daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, mpaka Mutukula mpakani na Uganda. Ya tatu, kuna jamaa anauza anachokiita "hija kamili", yaani malazi, chakula, gari la mizigo na fulana, kwa bei ya mbuzi watano. Nina miaka 44, goti la kushoto linalia kama mlango wa stoo. Nianzie wapi?

Dagaa Mkavu
Nimekaa paleee na karanga zangu. Tiririkeni.

Mama Kashozi
Mwanangu Jiwe, usiogope goti. Ogopa kidole.

Mwaka 2017 tulitoka Bukoba watu 63, alfajiri, baada ya misa. Siku za mwanzo ni raha tupu, rozari na nyimbo. Pale Kyaka wazee walitusimamisha kwenye daraja la Kagera watueleze jinsi askari wa Amin walivyolivunja mwaka 1978, na kila mzee alikuwa na simulizi yake, tukachelewa saa nzima. Mutukula wawili wakakwama nusu siku kwa sababu ya kadi ya homa ya manjano. Mimi kadi ninayo, hati ninayo, najiona mjanja. Ila nilikuwa nimevaa raba mpya, nimezinunua juzi yake.

Tulipofika Masaka ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Nikanyamaza, maana hujaji halalamiki. Tukapita Lukaya, tukaingia Lwera. Mnaokujua mnajua: barabara imenyooka katikati ya matete, kushoto maji, kulia maji, malori ya mchanga yanakupuliza mpaka kilemba kinataka kuruka. Nikawaambia wenzangu, "Nisubirini nifunge kamba." Wakaitikia "ndiyo mama", huku wanaenda.

Nikakaa kwenye ukingo. Nilipovua kiatu, ukucha ulibaki kwenye soksi. Nilipoinua kichwa, kundi lilikuwa limeshakuwa vidoti. Jua linazama, laini yangu ya simu haishiki chochote, na mimi hapo nimeshika soksi kama nimeshika barua ya msiba.

Aliyeniona ni binti muuza samaki. Kaniuliza kwa Kiganda, nikamjibu kwa Kihaya, tukaelewana nusu kwa nusu. Alinimiminia maji yake ya kunywa kidoleni, kisha akanifunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni aliokuwa anafungia kamongo. Waitu, mguu huo ulinuka kamongo mpaka Namugongo!

Sasa sikilizeni wao walijuaje kwamba sipo. Walipogawa chakula cha usiku, sahani moja ikabaki. SAHANI. Kiongozi akaja na bodaboda saa 3 usiku, neno lake la kwanza: "Mama, ulipotelea wapi?" Nikamwambia baba, mimi sikupotea, niliachwa.

Kwa hiyo Jiwe, kabla hujatoa hata senti, waulize wote watatu: nani anatembea nyuma kabisa? Wakikujibu "gari la msaada lipo", jua hawana mtu.

Furu wa Nansio
Umemaliza mama. Gari la msaada siku zote liko mbele linapika ugali.

Daktari wa Mtaani
Malengelenge dawa yake ni moja. Sindano na uzi. Unapitisha, uzi unauacha humohumo, maji yanatoka usiku kucha, asubuhi unatembea kama kijana.

Nesi Igoma
Jamani MSIFANYE hivyo. Uzi unaobaki ndani ni njia ya vijidudu. Lengelenge dogo liache, lifunike. Likiwa kubwa na linauma, sindano safi, toboa ukingoni, kamua taratibu, ngozi usiibandue, funika. Na kabla ya kuanza paka mafuta ya mgando kati ya vidole, soksi ziwe kavu.

Daktari wa Mtaani
Mimi nimetembea mara nne. Wewe dada umetembea mara ngapi?

Nesi Igoma
Sijatembea. Nimewasafisha vidonda waliotembea na watu kama wewe.

Dagaa Mkavu
😂😂 karanga zinaisha mapema leo

Aliyerudi Buzuruga
Nami nichangie kidogo. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilitembea njia ya Santiago kule Hispania. Unaweza kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port Ufaransa ukala kama kilomita 780, ila wengi huanzia Sarria, kama kilomita 115, siku tano au sita. Ili upewe cheti cha hija lazima utembee angalau kilomita 100, au uendeshe baiskeli angalau 200, na kijitabu chako kigongwe mihuri njia nzima. Zipo kampuni za kukubebea begi mpaka unapolala, wewe unabaki na chupa ya maji tu. Ukikosea njia ni uzembe wako, mishale ya njano imejaa kila kona. Nasi tungejipanga hivyo tungefika mbali.

Furu wa Nansio
Huko mshale wa njano, huku mshale ni mgongo wa mwenzio. Sasa Mama Kashozi angegongewa muhuri na nani pale Lwera, kamongo?

Aliyerudi Buzuruga
Mnapenda kubeza. Nimesema tu ukweli kwamba wenzetu baiskeli wanaipimia mara mbili ya miguu. Jiwe akipita na baiskeli asijidanganye kuwa ni hija ileile.

Fundi Spoku
Hapo ndugu umenigusa pabaya. Nani kasema baiskeli ni kitonga? Mwanza hadi Namugongo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 700, na ukishaingia Muleba vilima vinakusalimia kimojakimoja kwa jina. Mwaka ule nilitembeza baiskeli kuliko ilivyonitembeza. Jiwe, ukienda na vijana beba tyubu mbili, viraka, spoku za akiba, na mtu anayejua kunyoosha ringi. Msitu wa Biharamulo pitieni asubuhi na mkiwa kundi. Goti lako lenyewe, pandisha kiti. Watu wanaendesha wamekunja magoti kama panzi, halafu wanalaumu umri.

Mwana wa Bukumbi
Mnabishana miguu na baiskeli, njia ya kale yenyewe ni maji. Mmisionari Padre Lourdel, ndiye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans waliondokea Kageye, ufuko wetu huuhuu wa kusini, wakavuka kwa mtumbwi, Februari 1879 wakatua Entebbe. Mwishoni mwa 1882 wamisionari wakaondoka Buganda wakarudi huku kwetu, na misheni ya Bukumbi ikaanza 1883. Hao vijana waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, dini yao ilipitia kwenye mwambao wetu. Kwa hiyo anayepanda meli Mwanza kwenda Bukoba asijione amedanganya nadhiri.

Kemondo
Kwa mtumbwi mtaenda wenyewe. Sisi tuliopoteza watu MV Bukoba ilipozama Mei 1996 hata meli tunapanda tukiwa tumefumba macho.

Mwana wa Bukumbi
Pole sana ndugu yangu. Sikukusudia hilo.

Mkristo wa Kanda
Uzi mzima mnaongea kana kwamba mashahidi ni wenu Wakatoliki peke yenu. Waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964 ni 22, sawa. Na Waanglikana 23? Jumla 45. Mahali petu Waanglikana pale Namugongo mahujaji wengi hamfiki kabisa, na ndipo wengi wao walipochomwa.

Mama Kashozi
Ni kweli mwanangu. Karoli Lwanga, kiongozi wa wale vijana, alichomwa peke yake, mahali hapo ndipo basilika ilipo, ile yenye nguzo 22. Nilifika na kwenu pia, nikachechemea nako.

Salumu Pasiansi
Na Waislamu waliouawa zama za Kabaka Mutesa, miaka ya 1870, hapohapo Namugongo? Nauliza tu, mimi napita.

Bado Mseja
Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nilienda na mchumba wangu.

Dagaa Mkavu
Mkuu usitufanyie hivyo. Endelea.

Bado Mseja
Tulienda tukaombee ndoa. Mimi nikachagua baiskeli, yeye akachagua kutembea na kwaya kutoka Bukoba, tukakubaliana tukutane Masaka. Nikawahi siku mbili. Nikanyoa, nikafua shati. Siku ya tatu kundi linaingia, nawatazama mmojammoja, wamechakaa kwa vumbi. Yeye simuoni. Nyuma linakuja gari la msaada, yuko kiti cha mbele. Kasema miguu ilimvimba toka Mutukula. Sawa, mguu ni mguu. Lakini amevaa koti la dereva.

Furu wa Nansio
Mama yangu weee.

Nesi Igoma
Labda alikuwa na baridi jamani.

Bado Mseja
Nami nilisema hivyo. Tukafika Namugongo tarehe 2, watu kama mchanga, tukalala kwenye nyasi. Alfajiri tukaenda kuchota maji kwenye kile kiziwa cha palepale Namugongo na kidumu cha lita tano. Akanigeukia, akaniambia, "Nimeomba sana njia nzima. Jibu nililopata si wewe."

Aliyerudi Buzuruga
Hii ni ya kutunga. Hakuna mwanamke anayeongea hivyo.

Bado Mseja
Kaka, wana watoto wawili. Nikikutana na huyo dereva stendi ananiita shemeji.

Fundi Spoku
Pole mkuu. Baiskeli ilikuwa aina gani?

Bado Mseja
Phoenix. Niliiuza Kampala kwa bei ya kutupa, nikarudi na basi.

Fundi Spoku
Hapo ndipo ulipokosea.

Daktari wa Mtaani
Kwa hiyo mchumba asipande gari. Miguu ikivimba, sindano na uzi.

Nesi Igoma
Miguu iliyovimba HAITOBOLEWI. Ee Mungu nisaidie.

Jiwe la Kirumba
Wakuu, turudi kwenye goti langu. Nimefuata ushauri wa Mama Kashozi, leo mchana nimepiga simu zote tatu, swali moja: nani anatembea nyuma? Wa "hija kamili" akaniuliza, "Nyuma ya nini?" Nikakata. Vijana wa baiskeli wamesema nyuma anakaa mwenye pampu, na mwenye pampu ndiye mvivu kuliko wote, kwa hiyo hawezi kumpita mtu. Jibu lao limenifurahisha. Wale wa parokia Bukoba wana katekista mzee mwenye filimbi. Akipuliza mara moja kundi linapunguza mwendo, akipuliza mara mbili wote wanasimama. Hapendi kuongea, hapendi kuimba, kazi yake kuhesabu migongo.

Mama Kashozi
Huyo sisi hatukuwa naye. Nenda na huyo. Na raba zianze kuvaliwa leo, shambani, sokoni, hata kuogea ukiweza. Kandambili weka kwenye begi.

Fundi Spoku
Umepoteza baiskeli nzuri bure, ila barikiwa.

Dagaa Mkavu
Swali la mwisho kwa Bado Mseja. Yule dereva, ndiye bado anaendesha gari la kundi la Bukoba?

Bado Mseja
Ndiye huyohuyo.

Jiwe la Kirumba
Mke wangu anabaki Mwanza na mtoto.