Nyumba ya mawe Mkomani, Lamu: nikague nini kabla ya kununua?

mpangaji_wiyoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Kuna nyumba ya mawe inauzwa Mkomani, ndani kabisa, mbali na Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Ina ghorofa moja, kiwanda (ua wa ndani), na wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya njia, lililoshikana na nyumba ya jirani. Wauzaji ni watoto wa marehemu mwenye nyumba. Dalali anadai arubuni (malipo ya awali) wiki hii. Nianze wapi?

hati_kwanza
Waaleikum salaam. Arubuni isitoke kwanza. Ikiwa hati ingali na jina la marehemu, watoto hawawezi kuuza hata wakiafikiana wote. Sharti pawe na usimamizi wa mirathi uliothibitishwa na mahakama; kwa Waislamu, ya Kadhi yatosha. Muulizie mjane, na mabinti walioolewa mbali. Hao ndio husahauliwa, na ndio hufungua kesi ukishahamia.

Hakikisha pia nyumba si wakfu, maana wakfu hauuzwi. Waulize wazee wa msikiti wa mtaa, kisha Tume ya Wakfu. Wakili wako mwenyewe, si wa wauzaji, afanye upekuzi kwenye daftari la ardhi na adai cheti cha kaunti kuwa hakuna kodi inayodaiwa. Kwa desturi hulipwa 10% mkisaini, salio ndani ya siku 90. Weka kando na ushuru wa stempu: 4% ya thamani kwa mali ya mjini, na ni juu yako mnunuzi.

fundi_chokaa
Mimi nitasema ukuta na boriti. Chukua bisibisi, dunga kila boriti pale inapoingia ukutani, hasa chini ya choo cha juu. Ndipo maji hukaa na mchwa huanzia. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hesabu kubadilisha.

Kuta zikiwa zimepigwa saruji, omba bei ishuke. Mawe ya matumbawe yana chumvi na hupumua. Saruji huziba unyevu ndani, halafu plasta huvimba na kuanguka mapande. Dawa ni kuibandua yote, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga chokaa iliyozimwa, kipimo 1 kwa mchanga 3, tabaka jembamba jembamba, ukilinyunyizia maji lisikauke haraka.

mpangaji_wiyoni
Shukrani. Dari ya chumba kimoja ni zege juu ya boriti zile zile. Ni tatizo?

fundi_chokaa
Kubwa. Uzito umeongezeka na boriti huzioni zinavyooza. Ita mhandisi kabla ya kutaja bei. Kubomoa kwenyewe kunataka kibali, kwa kuwa Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001: pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa na kaunti. Na vifaa vyote vitabebwa na punda, weka gharama hiyo.

bi_shela
Wikio msilisahau. Liko juu ya njia ya watu, kwa hiyo kipimo cha kiwanja huenda hakilionyeshi. Jirani aandike na kusaini ni la nani, na nani hutengeneza likivuja. Utulivu nao, nenda ukausikilize baada ya Isha na tena alfajiri. Mchana Mkomani yote ni kimya.

mpangaji_wiyoni
Dalali nimemwambia asubiri. Kesho naanza na Kadhi.