Programu gani inafaa duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi? Tumefika mahali daftari haliwezi tena

Binti_Mwanjelwa:

Habari za jioni wakuu. Tunauza vifaa vya ujenzi Mbeya, jumla na rejareja. Duka kubwa liko Mwanjelwa, tawi liko Tunduma, na mwaka huu tukijaliwa tunafungua Sumbawanga. Wafanyakazi tumefika 14. VAT tumesajiliwa, mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, tunazo kila kaunta.

Hadi leo tunakwenda hivi: stoo ina daftari lake, kaunta ina lake, madeni ya mafundi yako kwenye kitabu cha mume wangu ambacho hakiguswi na mtu, halafu mwisho wa mwezi mhasibu anakuja kukusanya vyote na kuviingiza kwenye Excel. Duka lilipokuwa moja hatukuwa na shida. Tunduma ndiyo imetuvuruga. Mteja wa Nakonde, upande wa Zambia, anapiga simu anataka bati mia za geji 28, kijana wa Tunduma anamjibu zipo, njoo. Kumbe hizo za Tunduma, Mwanjelwa ilishaziuza tangu asubuhi, na gari liko njiani kuzifuata. Mteja kavuka mpaka bure, matusi napokea mimi.

Wameshakuja watu watatu kutuonyesha programu. Wote wana skrini za kupendeza, grafu za rangi rangi. Mmoja yake ni ya mtandaoni, ya kulipia kila mwezi. Wa pili anauza leseni, unaiweka kwenye kompyuta ya dukani. Wa tatu anasema atatutengenezea ya kwetu wenyewe kuanzia mwanzo. Nikawauliza swali moja: nondo nanunua kwa tani, nauza kwa kipande, na fundi akitaka nusu kipande namkatia. Wawili wakajibu "hilo linawezekana" na kuendelea na grafu zao. Wa tatu akaandika kwenye kidaftari.

Mume wangu anataka ile ya kutengenezewa. Mhasibu anataka QuickBooks, programu ya uhasibu, kwa kuwa ndiyo aliyosomea. Mimi ya kutengenezewa siitaki, ila sina hoja ya kumwambia mzee akanielewa. Naombeni mnisaidie, hasa mliopitia.

Mzee_wa_Leja:

Dada, pole na hongera. Swali lako la nondo ndilo mtihani wenyewe, usikubali kuhamishwa pale mpaka mtu akuonyeshe kwa vitendo. Tuifanye hesabu hapa hapa.

Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12, kwa uzito wa kitabuni wa kilo 0.888 kwa mita, ina kilo 10.66. Tani moja inatoa vipande 94 hivi. Ya mm 16 inatoa kama 53. Sasa gari limeshusha tani tano za mm 12. Mtunza stoo akihesabu kwa mkono anapata vipande 478, kwa sababu nondo zimetoka kiwandani nyepesi kidogo. Programu inayojua kwamba tani moja ni vipande 94, basi, inakuandikia 470. Vile vinane havimo kwenye kitabu chochote. Vikitoka usiku kwa mlango wa nyuma, ripoti yako bado inasoma sawasawa, na kijana anapongezwa kwa stoo safi.

Kwa hiyo unatafuta programu inayopokea vyote viwili kwa wakati mmoja: tani tano kwenye ankara ya muuzaji, vipande 478 kwenye stoo, na gharama ya kipande ijigawe yenyewe kutokana na hivyo. Tally, programu ya uhasibu na stoo, ina kitu wanachokiita kipimo mbadala, jaribuni hapo. ERPNext nayo, programu ya kuendesha biashara nzima, unaweka uwiano wa vipimo kwa kila bidhaa. Kuhusu QuickBooks, mwambie mhasibu akuonyeshe tani ikigeuka vipande humo ndani kabla hajaendelea kuisifia. Kwa leja nzuri hana kosa, lakini maumivu yako yako stoo.

La pili ni EFD. Programu isipoongea na mitambo ya TRA, mamlaka ya mapato, kijana wa kaunta ataandika mauzo mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye mashine. Wateja wakijaa ataacha moja. Jioni ripoti ya Z, ile jumla ya mauzo ya siku inayotoka kwenye mashine, ina lake, programu ina lake, na ikikaribia tarehe 20 ya kuwasilisha ritani ya VAT mhasibu hajui aamini ipi. Siku hizi kuna VFD, risiti ya TRA inatoka ndani ya programu bila mashine ya pembeni. Anayekwambia "tumeunganishwa" mwombe risiti halisi ya duka la mteja wake, muihakiki wote wawili kwenye tovuti ya TRA akiwa amekaa hapo kitini.

Na mzee mwambie hivi: huyo kijana wa kuwatengenezea akipata ajira Dodoma, Julai ikifika, mwaka mpya wa fedha, nani atabadilisha viwango vya kodi? SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ilikuwa asilimia 4, Julai 2023 ikawa 3.5. Kabla ya hapo, 2021, sheria ilihamisha mwanzo wa kuilipa kutoka waajiriwa 4 hadi 10. Nyie kwa watu 14 mmo ndani. Kila Sheria ya Fedha inakuja na lake, na programu yenye fundi mmoja inakufa na safari za huyo fundi.

kijana_wa_uyole:

Dada chukua programu ya Odoo, ni ya bure, kila kitu kimo. Mada ifungwe 😂

Fundi_Seva:

Mkuu wa Uyole, usifunge mada. Odoo ya bure ni lile toleo la Community, na hiyo uhasibu wake haujakamilika. Unatoa ankara, unapokea malipo, lakini uhasibu kamili uko kwenye toleo la Enterprise, na Enterprise unalipia kwa kila mtumiaji. Dada akiweka watu wanane wa kaunta na stoo apige hesabu yake vizuri, tena bei yenyewe ni ya dola. ERPNext ndiyo iliyo wazi yote bila ada ya mtumiaji, ila hiyo nayo ni kiwanja cha kupewa, nyumba unajenga mwenyewe: seva, kuisanidi, mtu wa kuitunza. Mimi ndiyo kazi ninayofanya, kwa hiyo mjue nina maslahi.

Dada, kuhusu mtandaoni au dukani, msikilize anayeuza kisha mrudishe Mei 2024. Tarehe 12 mwezi ule nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Wateja wangu ambao kila kitu kilikuwa mtandaoni walirudi kwenye karatasi, halafu wakakaa kuingiza upya. Swali la kumuuliza si "je, inafanya kazi bila intaneti?" maana wote watasema ndiyo. Chomoa waya wa ruta mbele yake, muuze mifuko kumi ya saruji, rudisha waya, angalia kama ile mifuko imeingia mara moja tu. Kaunta ya Odoo kwa mfano inaendelea kuuza mtandao ukikatika ikiwa ilikuwa imeshafunguliwa. Ukiizima na kuiwasha ndipo utajua umekaa wapi.

Anayekuuzia ya kompyuta ya dukani naye ana lake. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, au mwizi akibeba ile kompyuta, bakapu iko wapi? Na "bakapu ipo kwenye flashi kwenye droo ile ile" si jibu.

Kitu cha mwisho ambacho hakuna muuzaji anayekipenda: mwambie akutolee wateja wote, madeni yote na stoku yote kwenye faili la Excel, hapo hapo, ubaki nalo. Akianza kusema "tutakuandalia", elewa kwamba siku mkigombana yeye ndiye mwenye biashara yako.

Stoo_Kuu:

Mimi ni mtunza stoo, si mhasibu wala fundi, nitasema la upande wangu. Shida ya bati za Tunduma haiko kwenye jina la programu. Ni kwamba mzigo wenu una hali mbili tu, upo au haupo. Kwetu una nne. Upo. Umeuzwa haujachukuliwa. Uko njiani. Umepokelewa. Mwanjelwa akiuza zile bati, hata kama bado ziko Tunduma, zinafungwa kwa jina la mteja na kijana wa Tunduma anaona sifuri ya kuuza. Gari likiondoka mzigo unahamia kwenye stoo ya njiani, ambayo si ya tawi lolote. Anayepokea ndiye anayethibitisha idadi, siyo aliyetuma. Zikitoka mia zikafika tisini na nane, mbili zinabaki njiani na dereva anaulizwa kesho yake, si mwisho wa mwaka.

Halafu majina. Kabla hamjanunua chochote, kaeni mkubaliane majina ya bidhaa. Kwenye daftari zenu naamini kuna "nondo 12", "nondo mm12", "Y12" na "nondo ya lenta", na zote ni kitu kimoja. Zikiingia hivyo mtakuwa na bidhaa nne, mbili zina hasi. Hiyo kazi mpeni mtu wa stoo na mtu wa kaunta wakae pamoja. Mhasibu asiwe peke yake, hajui lenta.

Na mtu wa stoo apewe simu au kishikwambi apokelee mzigo pale pale gari linaposhusha. Kompyuta ikiwa ofisini ataandika kwenye karatasi ya saruji kwanza, na hapo mmerudi kwenye daftari.

Binti_Mwanjelwa:

Asanteni sana, mmenipa silaha. Nimempigia yule wa leseni nikamwambia aje na nondo tani tano vipande 478, kimya kidogo, akasema atakuja na bosi wake. Wa mtandaoni amekubali kuchomolewa waya. Mzee nimemsomea ile ya ajira ya Dodoma, amenyamaza, akaniuliza nani kaiandika.

Stoo_Kuu, "nondo ya lenta" umeijuaje? Ipo kweli, na ipo pia "ya lenta nyembamba".

Limebaki moja. Kitabu cha madeni. Mume wangu amekubali kiingizwe, ila humo watu wameandikwa kwa majina ya mtaani. Kuna Fundi Mrefu wa Ilomba, kuna Baba Bahati, kuna "yule wa pikipiki nyekundu". Wengine walilipa kidogo kidogo na kilicholipwa kimeandikwa pembeni kwa penseli. Tuanzie wapi?

Mzee_wa_Leja:

Msiingize historia. Chagueni tarehe moja ya kuanzia, afadhali mwanzo wa mwezi, na kila mdaiwa aingie na salio moja tu la siku hiyo. Kitabu kibaki kabatini kama ushahidi. Kabla ya tarehe hiyo kila mmoja apigiwe simu, atajiwe salio, akikubali atumiwe ujumbe mfupi wenye kiasi hicho. Wapo watakaobisha, na ni bora wabishe sasa kwenye salio moja.

Jina liwe lolote, hata hilo la mtaani, lakini kitambulisho kiwe namba ya simu. Wengi wanalipa kwa Lipa Namba, na mara nyingi hiyo ndiyo itakayokuonyesha kaleta nani. Asiye na namba haingii, anabaki kwa mzee mwenyewe amdai. Kisha wekeni kikomo cha mkopo kwa kila mtu, kaunta ikifika hapo ikatae hadi wewe au mzee afungue. Hakikisha programu unayoichukua inakataa kweli, si kutoa onyo la njano ambalo kijana analibonyeza linaondoka.

Binti_Mwanjelwa:

Sawa kaka, la namba ya simu nimelielewa. Ila Fundi Mrefu wa Ilomba wapo wawili, na mmoja ni shemeji yangu.

Stoo_Kuu:

Shemeji kikomo chake sifuri. Akinuna, mwambie mashine imekataa.