Jumba la vioo, moshi wa jenereta ngazini, na mlango wa dharura una kufuli

Asalaam aleikum wenzangu. Tangu jana nimefura kwa hasira na usingizi umenikataa, kwa hivyo naandika.

Mimi ni fundi wa AC na stima, mwaka wa 14 huu napanda na kushuka majumba ya biashara ya kisiwani humu Mombasa. Jana saa nane mchana nilikuwa ghorofa ya tano ya jumba moja karibu na Moi Avenue, nikiosha mashine, stima ikapotea. Jenereta ikajiwasha. Haukupita muda nikasikia watu wakikohoa ngazini. Paipu ya moshi ya jenereta ile imeishia chini ya dirisha la ngazi, hata mita mbili hazifiki. Upepo ukivuma upande ule moshi wote waingia ndani na kupanda juu kama ndani ya dohani. Lifti haikuunganishwa na jenereta, kwa hivyo watu wa ghorofa saba njia yao ni hiyo hiyo.

Nilimkuta mama mmoja mjamzito amekaa kwenye kidato, mtandio puani, kupanda hawezi na kushuka hawezi. Tukamshika, mimi na kijana wa ofisi ya uwakala wa forodha, tukamtoa mpaka ghorofa ya pili kwenye mlango wa nyuma, ule ulioandikwa njia ya dharura kwa rangi nyekundu. Una kufuli. Kufuli jipya la shaba, linang'aa. Bawabu akaniambia, "Fundi, ufunguo uko kwa meneja, na meneja yuko Nyali, ng'ambo ya daraja." Basi yule mama tukamshusha kupitia ndani ya moshi ule ule.

Na mjue kwamba ile harufu ya dizeli ndiyo afadhali, kwa sababu yakuonya. Ndani ya moshi ule mna kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Yachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, mtu aanza kuumwa kichwa, alegea, asinzia, na asipotolewa haamki.

Msimamizi wa jumba nilikuwa nimeshamwambia kabla ya jana, mara mbili, na mara ya pili nilimwandikia. Paipu ipandishwe hadi juu ya paa, kazi ya siku mbili. Nikajibiwa pesa hazipo. Wiki hiyo hiyo mafundi wengine walikuwa wakipachika vioo vya samawati upande wa magharibi, kutoka chini hadi juu!

Hivyo vioo navyo nivisemee. Kioo kinachotazama magharibi hapa Mombasa, bila kivuli chochote, ni kuwaweka watu ndani ya tanuri. Jua la alasiri liko chini, lapiga moja kwa moja hadi kwenye meza za wafanyakazi. Tembea hatua chache uingie Mji wa Kale uone wazee walivyojenga: ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, roshani yenye mbao za kuzuia jua na kupitisha upepo. Hakuna anayedai ofisi zijengwe kwa chokaa. Lakini kipaa cha kivuli juu ya dirisha ni gharama gani mbele ya bili ya stima ya miaka thelathini?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, chahamisha joto. Chalitoa ofisini na kulitupa nje. Jumba lile mashine zote za nje zimerundikwa ndani ya shimo la hewa la katikati, moja juu ya nyingine. Ya ghorofa ya pili yatema joto, ya tatu yalivuta na kutema joto zaidi, hivyo hivyo hadi juu. Nilipima kwenye mdomo wa kuvutia hewa wa mashine ya ghorofa ya saba: digrii 46, na barabarani ilikuwa 32. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ndani ya mashine, haiwezi, yajizima. Mpangaji anipigia kwamba gesi imekwisha. Haijaisha! Wako mafundi watakaomtilia gesi na kuchukua pesa yake kila mwezi, na hilo laniuma pia. Mapezi ya alumini ya mashine zile hayakupakwa kinga ya chumvi, ukiyagusa yavunjika mkononi kama biskuti. Umri wake haujafika miaka mitatu.

Nilifungua pia mpira wa kuzimia moto ghorofa ya tatu. Ukakohoa hewa, ukatoa kijiko cha maji ya kutu, basi. Tangi la paani ni moja, na paipu ya vyoo imetolewa chini kabisa, sawa na ya moto. Ingetolewa juu zaidi, maji ya choo yakikatika ya moto yangebaki tangini. Mji huu twajua vizuri mfereji ukikauka, twasubiri boza la maji. Na moto je, utasubiri boza?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mlango wa mahali pa kazi usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Kanuni za moto za mwaka huo huo zataka watu wafanye mazoezi ya kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Miaka yote hii mazoezi hayo nimeyaona mara moja. Januari 2009 duka kubwa liliungua katikati ya Nairobi, wakafa watu zaidi ya 20. Tumeshasahau?

Chanzo cha haya yote nakijua. Injinia wa mifumo, wa hewa na maji na stima na moto, anaitwa jumba likiwa limeshapigwa plasta. Anaonyeshwa kipembe kilichobaki na kuambiwa apenyeze. Anayechora sura ya nje huitwa siku ya kwanza. Kisha mpangaji alipishwa ada ya huduma kila mwezi, huduma yenyewe hakuna.

Wapangaji wa majumba ya mjini, nendeni kesho mkasukume mlango wenu wa dharura kwa mkono, kisha mniandikie hapa mmekuta nini.

NYONGEZA: Leo saa mbili asubuhi nimepita pale. Yule mama yuko salama, alhamdulillahi, amelala nyumbani. Kufuli bado lipo. Nimelipiga picha, na barua kwa wakaguzi naipeleka Jumatatu mimi mwenyewe pamoja na wapangaji wanne waliokubali kutia sahihi.