Mjadala: Kitabu kiuzwe bila kusomwa prufu, ni sawa?

Habari zenu wote. Jumapili iliyopita tulikutana waandishi kadhaa hapa Kisumu, watu wa kujichapishia wenyewe, na ikazuka kelele si ya kawaida. Ndugu mmoja aliyetoka Nakuru alisimama akasema mhariri siku hizi ni gharama ya bure, msomaji anataka hadithi hataki koma, na ukimlipa mtu elfu ishirini akusahihishie herufi unabaki bila pesa ya kuchapisha. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nimezunguka na hayo maneno wiki nzima na leo nataka kumjibu kwa heshima, halafu na nyinyi mseme mnavyoona.

Msimamo wangu ni huu: kitabu chochote kinachouzwa kwa pesa lazima kisomwe prufu, yaani kurasa zilizopangwa zipitiwe kutafuta makosa kabla ya kuchapwa, na mtu ambaye si yule aliyekiandika. Ule uhariri mkubwa wa kupanga sura, kukata hapa kuongeza pale, tunaweza kubishana kama kila kitabu kinauhitaji. Prufu hapana. Hapo sirudi nyuma hata hatua moja.

Niwaambie imani hii niliipata wapi. Kazi yangu ni kupanga kurasa, nimefanya miaka mingi katika duka dogo la uchapishaji, programu za mazishi, kadi za harusi, ripoti za chama, na mara moja moja kitabu. Miaka kadhaa iliyopita akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Vihiga, na madaftari matatu yameandikwa kwa mkono, historia ya ukoo wao. Mwandiko safi wa mwalimu wa zamani. Alitaka nakala 300 zitoke kabla ya Desemba kwa sababu Krismasi ndiyo watu wote wanarudi nyumbani, wa Nairobi, wa Eldoret, na yeye alitaka kila boma lichukue kitabu. Bosi akamwambia itawezekana. Kusoma prufu hakukuwa kwenye bei na hakuna aliyemwambia mzee kwamba kuna kitu kama hicho.

Daftarini mzee aliandika, babu zetu hawakuuza shamba la ng'ambo ya mto. Wakati nachapa, ile "ha" ya mwanzo ilipotea, sijui nilikata nini nikipunguza upana wa ukurasa, ikabaki "wakuuza". Siku mbili baadaye napitia kurasa haraka haraka nikaiona hiyo "wakuuza", nikajua hicho si Kiswahili, na badala ya kufungua daftari nikarekebisha kwa kichwa changu, nikaweka "wakauza". Ikawa sentensi nzuri kabisa. Babu zetu wakauza shamba la ng'ambo ya mto.

Kitabu kikatoka, kikasomwa Krismasi, na Januari wale wa upande wa pili ambao wamekuwa wakidai hilo shamba kwa miaka wakaenda kwa chifu na kitabu mkononi, ukurasa umekunjwa. Mzee alinipigia simu jioni. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, umeniuzia shamba." Nakala kama 170 zilikuwa zimeshatoka, hazirudi. Zile zilizobaki tulikaa naye siku nzima tukiandika "ha" kwa kalamu na kurekebisha neno, moja moja, na mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Kwa hivyo mtu akiniambia makosa ya chapa ni vitu vidogo, sijui nimjibu vipi bila kumwambia hiyo hadithi.

Na tukitulia tuangalie lugha yetu yenyewe, Kiswahili hakina nafasi ya uzembe hapo. Waingereza kukanusha wanatumia neno zima, na hata hilo huwapotea, mwaka 1631 wachapaji wa London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo amri ya kuzini ilikosa lile neno la kukataza, watu wakawa wanaamriwa wazini. Walipigwa faini ya pauni 300 na wakanyang'anywa leseni. Neno zima hilo lilipita mbele ya macho ya watu. Sasa sisi kukataza kwetu ni "si" imefichwa katikati ya neno, ama "ha" mwanzoni. Usizini, uzini. Herufi mbili tu! Hatutalipa, tutalipa. Halali, yaani hasinzii, alali, na huyo wa mwisho hata si neno lakini mtu akiliona atafanya kama nilivyofanya mimi, atabuni.

Halafu kuna hili letu la magharibi na Bonde la Ufa ambalo tunaliona kila siku tunanyamaza. Wengine r na l zinatuchanganya, wengine p na b, ni lugha za mama zetu na hakuna aibu hapo mtu akiongea. Lakini nimeona bango la kampeni limeandikwa linda kula yako. Nimeona programu ya mazishi, kwenye orodha ya jamaa waliobaki, mpwa wa marehemu amekuwa mbwa wa marehemu, na yule kijana alikuwa amekaa palepale kwenye hema na karatasi mkononi. Mtu alipoteza mjomba na ndiyo karatasi atakayoweka nyumbani miaka yote.

Hapo ndipo namjibu yule mwingine aliyesema siku ile mkutanoni kwamba kompyuta itafanya hiyo kazi. Kula ni neno sahihi. Kura ni neno sahihi. Mbwa, mpwa, mahari, mahali, fahari, fahali, yote yamo kwenye kamusi, kompyuta haiwezi kupiga mstari mwekundu chini ya neno ambalo lipo. Mwaka 2010 kampuni ya Penguin huko Australia ilichapisha kitabu cha mapishi, na mahali pa kusema tia chumvi na pilipili nyeusi iliyosagwa pakaandikwa watu weusi waliosagwa. Nakala 7,000 zikaharibiwa. Herufi zote ziko sawa, tahajia safi, na sisi tunaosoma hiyo sentensi tukiwa na ngozi yetu hii tunajua ilikuwa na uzito gani. Kampuni kubwa hivyo.

Kuhusu hizi programu mpya za akili bandia, nazitumia, sitadanganya. Zinashika makosa mengi. Lakini nimeziona zikibadilisha Nyang'ori kuwa Nyangori, na Kang'o ikapoteza king'ong'o chake, kwa sababu hazijui hapa ni pahali watu wanaishi. Pia zina tabia ya kulainisha, mzee ameandika sentensi ngumu ya makusudi, inarudi imenyooshwa kama tangazo la benki. Lazima kuwe na mtu anayejua kijiji, mwenye maandishi ya kwanza mkononi. Kama ile "wakuuza" yangu ingepita kwenye programu kama hiyo nadhani nayo ingebuni tu, kama mimi.

Sasa hoja ya dada mmoja wa Kakamega, ambayo naiheshimu kuliko zote. Yeye hakuongea pesa. Alisema wahariri wanaua Kiswahili chetu, ukiandika vile watu wa Mumias ama Kondele wanaongea, mhariri anakurudishia Kiswahili cha mtu ambaye hujawahi kukutana naye. Dada, uko sahihi, na mimi nimewaona hao. Mhusika ni mama wa sokoni Kibuye anauza omena, anaambiwa aongee kama msomaji wa taarifa ya habari. Huo ni uharibifu. Ila mimi nasema huo si uhariri mwingi, ni uhariri mbaya. Mhariri mzuri anajua tofauti ya "hii kitu" iliyoandikwa kwa sababu mama huyo anaongea hivyo na "hii kitu" iliyomponyoka mwandishi kwenye maelezo yake mwenyewe. Anakuuliza. Anaweka alama ya kuuliza pembeni na anasubiri jibu lako. Ukipata anayebadilisha bila kuuliza, mfukuze, mimi nitakuunga mkono.

Na kwa wale waliosema msomaji ataelewa tu maana. Mtu mzima labda. Binti yangu alirudi nyumbani na methali imeandikwa wapiganapo fahari wawili, nikamwambia ni fahali, ng'ombe dume, fahari ni ile ya kujivunia. Alinibishia hadi machozi. "Baba, kitabu kimeandikwa hivyo." Akaniletea kitabu cha marudio na kweli kimeandikwa hivyo, na mwalimu amekipigia tiki. Mtoto anaamini chapa kuliko baba yake, na si kosa lake, ndivyo tulivyomfundisha. KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, wanapitia vitabu vya kiada kabla havijaidhinishwa, lakini hivi vijitabu vingine vya kuuziwa mlangoni mwa shule nani anavipitia?

Kuna jambo lingine watu wamesahau. Mei 2010, tukielekea kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti, nakala za rasimu ya katiba zilitoka kwa mchapaji wa serikali zimeongezwa maneno mawili ya Kiingereza kwenye kifungu cha 24, "national security", usalama wa taifa, yaani haki zako zingeweza kubanwa kwa sababu hiyo. Hayo hayakuwa makosa ya chapa, kuna mkono uliyatia. Yakagunduliwa, Mwanasheria Mkuu akazikana hizo nakala. Kulinganisha nakala na nakala, mstari kwa mstari, hiyo kazi ya kuchosha ambayo watu wanasema haina faida, ndiyo hiyo inayoonyesha kitu kimeingizwa.

Na huko Wales, kampuni ya Taylor & Sons yenye zaidi ya miaka 100 ilianguka 2009 kwa sababu ofisi ya usajili wa kampuni iliandika kwamba imefilisika, kumbe iliyofilisika ni Taylor & Son, s moja. Wafanyakazi zaidi ya 250 walipoteza kazi. Mahakama ilikuja kuamua 2015 kwamba ofisi ndiyo ilikosea, lakini kampuni ilishakufa.

Turudi kwa pesa maana ndugu wa Nakuru alikuwa anaongea kuhusu pesa na mimi siwezi kujifanya ziko. Najua mtu ameuza ng'ombe ndio achapishe. Lakini bei aliyotaja, elfu ishirini, ni ya uhariri wote, kuanzia sura hadi koma. Kusoma prufu peke yake ni rahisi zaidi, na kuna njia. Badilishaneni, wewe soma changu mimi nisome chako, kwa ukali, bila kuoneana haya. Someni kwa sauti wawili wawili, mmoja anashika maandishi ya kwanza na kutamka kila kitu, koma, nukta, herufi kubwa, mwingine anafuata kwenye karatasi iliyochapwa, kwa sababu jicho peke yake linasoma kile linachotarajia. Majina ya watu, ya mahali, tarehe na namba, pitieni peke yake siku nyingine. Na marekebisho yakishawekwa mwombe prufu ya pili, hapo wengi ndipo wanaumia, fundi akigusa mstari mmoja mistari mingine inasogea. Kisha chapa nakala 50 kwanza kwa mashine ya dijitali, usikimbilie 500 za ofseti. Kwenye ofseti kurasa hupigwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa, mara nyingi 16, kwa hivyo kosa la ukurasa mmoja linakula zote 16. Hiyo ndiyo gharama ya bure kaka yangu.

Nyongeza: naona mmoja ameshaniuliza mbona mimi mwenyewe hapa naandika sentensi hazina mwisho, halafu nafundisha watu. Ndugu, hapa tunaongea. Hakuna aliyelipa. Ningekuuzia haya maneno kwa shilingi 800 ungekuwa na haki ya kunidai.

Mwingine anasema basi iwe sheria, kitabu kisipewe ISBN, ile namba yake ya utambulisho, pale maktaba ya taifa bila cheti cha mhariri. Hapo mimi nasita. Leo cheti, kesho foleni, kesho kutwa mtu anauza vyeti. Yule mzee wangu asingepita. Ningependa zaidi mwandishi aandike jina la aliyesoma prufu kwenye ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu, kila kitabu, ili msomaji ajue nani wa kuulizwa. Mnaonaje hilo? Wenye maduka ya vitabu Nakuru na Eldoret, mngeuliza mkipelekewa kitabu?

Mzee bado yuko. Anataka toleo la pili, na amenipa kazi mimi tena, sijui kwa nini. Jumamosi mchana tunakaa kwenye baraza lake, yeye anasoma kutoka daftarini kwa sauti, nukta, koma, mimi nafuata na kalamu. Tumefika ukurasa wa 41. Ule wa shamba ni wa 58.