Kijana wa kidato cha pili kajifungia na gemu ya simu, Free Fire: tumnyang'anye simu?

Mleta mada: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kijana ana miaka 15. Tangu likizo ya Juni, akirudi shule ni chumbani, komeo, hedifoni masikioni mpaka saa nane usiku. Chakula anakuja kuchukua sahani na kurudi nayo ndani. Mgeni akija, anaamkiwa kupitia mlangoni. Baba yake anataka kuivunja hiyo simu. Ni ulevi au ni ujana?

Kibatari: Simu isivunjwe. Kwanza jueni anachocheza. Free Fire ya mtandaoni haisimamishwi katikati. Mechi ya watu 50 huchukua dakika 10 hadi 15 hivi, na akiwa kwenye kikosi cha wanne, ukimwita "njoo ule sasa hivi" unamtaka awatose wenzake watatu. Atajibu hovyo, nawe utaona kiburi. Hesabuni kwa mechi badala ya dakika: "Bado mechi moja, tunakula." Mfuate mlangoni umwambie, usipige kelele toka jikoni. Ugomvi huanzia mechi inapokwisha, maana kikosi kinamsubiri aanze nyingine. Awaage mapema kwamba saa mbili anatoka.

Fundi Rauta: Upande wa mitambo msijidanganye. Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu ya mtoto, inaweka saa ya kulala na kikomo cha kila programu, lakini kwa umri wake lazima akubali mwenyewe kwenye simu yake, kwa hiyo kaeni naye muiweke pamoja. Kumfungia kwenye rauta, kile kifaa cha Wi-Fi, kwa anwani ya MAC (namba ya kuitambulisha simu kwenye mtandao) nako kuna mtego: simu za Android 10 na kuendelea hutumia MAC ya kubuni, unaweza kujikuta umefunga namba isiyo ya simu yenyewe. Na Wi-Fi ukiizima, atajiunga bando la usiku.

Dawa ni mahali pa kuchajia. Simu zote za nyumba, ya baba ikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Ya baba ikibaki kitandani, mpango umekufa siku ya kwanza. Akilala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu anapata saa 8, ambazo kwa umri wake ndiyo kima cha chini. Atasema simu ndiyo alamu yake, basi mnunulieni saa ya mezani. Na namba ya siri ya pesa za simu ibadilisheni, almasi za gemu zinanunuliwa kimyakimya.

Mlezi: Neno ulevi liwekeni kando. Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ila linataka mambo matatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia kila kitu, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Mnachotakiwa kuuliza ni Juni kulitokea nini. Matokeo mabaya? Rafiki kahama? Anaonewa shuleni? Sikilizeni nje ya mlango: akicheka na wenzake, bado ana watu. Akicheza kimya, kaacha na mpira, hali chakula vizuri, mpelekeni hospitali kwenye afya ya akili bila kungoja mtihani wa Novemba. Akitaja kufa, ni leo leo.

Kibatari: Na baba aingie akae pembeni, asihubiri. "Unapata faida gani?" hufunga mdomo. Amuulize leo wanashukia wapi kwenye ramani ya gemu mechi ikianza. Akisema Peak, sehemu mojawapo ya ramani hiyo, aulize kwa nini waruke penye watu wengi hivyo. Hapo ataongea.

Mleta mada: Na Jumamosi?

Kibatari: Mchana mwongezeeni mechi. Mkimnyima kabisa atahamia kwa jirani. Usiku ni uleule.

Fundi Rauta: Hiyo saa ya mezani iwe ya betri. Umeme ukikatika asipate sababu.