Tupeane uzoefu: kupika pamoja kulivyowaunganisha watu, na yaliyozaliwa jikoni

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu naomba tuujaze kwa yale tuliyoyaishi sisi wenyewe. Umewahi kuwa katika kundi linalopika pamoja kwa utaratibu? Sisemi harusi wala msiba, maana kule watu hupika, hula, hunawa mikono wakatawanyika. Naulizia majirani, wapangaji, wazazi wa shule moja, waumini au wafanyakazi wanaorudi kwenye sufuria ile ile wiki hadi wiki. Nini kilibadilika kati yenu? Na kulizaliwa nini hapo zaidi ya chakula?

Naanza mimi. Tulikuwa wapangaji wa jengo moja, tunapishana ngazini kwa salamu za juu juu. Mmoja wetu alipojifungua, jirani wa chini akapendekeza tupike pamoja jioni moja kila wiki, sufuria moja, ukumbini, na mzazi apelekewe chake juu. Mtoto akakua, sisi tukaendelea. Kanuni ilikuwa moja tu, na naamini ndiyo iliyotubeba: jikoni hakuna mgeni. Anayekuja siku ya kwanza anapewa kisu au kitambaa kabla hajapewa kiti. Ukimkalisha mtu ukamhudumia, atashukuru na kwenda zake. Akimenya vitunguu na wenzake nusu saa, watakuwa wameshajua anafanya kazi gani, mama yake anasumbuliwa na nini, na funguo zake humwachia nani akisafiri.

Taratibu tukajikuta tuna orodha ya watu wa kuangalia watoto wa wenye zamu za usiku, tuna mfuko mdogo wa dharura, na tuna barua ya pamoja kwa mwenye jengo kuhusu mabomba. Barua hiyo karibu kila mmoja alishaiandika peke yake bila kujibiwa. Safari hii tuliiandika mezani pale pale, vyombo havijaoshwa, tukasaini wote. Alijibu.

Karibuni.

Mweka Hazina

Dada, asante kwa mada. Mimi nimeshika daftari la kundi la aina hii kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema habari ya pesa, kwa sababu makundi mengi nimeyaona yakifia hapo.

Kwetu kuna sanduku lenye mdomo mwembamba karibu na mlango. Kila mtu anaweka alichonacho, na hakuna anayeona nani kaweka nini. Asiye na kitu anapitisha mkono kama wengine. Ila upande wa matumizi ni wazi kabisa: kila kilichonunuliwa, kiasi na bei, kinabandikwa ukutani siku hiyo hiyo, na anayenunua si anayeshika sanduku. Tunaficha mchango kwa ajili ya heshima ya mtu, tunafichua matumizi kwa ajili ya amani ya kundi. Wenzetu fulani walifanya kinyume: walisoma majina ya wachangiaji kwa sauti, na wale waliokuwa wanahitaji chakula kuliko wote ndio waliotangulia kupotea.

Mwiko Mrefu

Hapo Mweka Hazina umegusa penyewe.

Nimejitolea kwenye majiko ya namna mbili. La kwanza tulisimama nyuma ya meza, watu wakapanga foleni, tukapakua, wakala, wakaondoka. Kazi njema, na siku ambayo mtu ana njaa huulizi zaidi. Lakini nilihudumia nyuso zile zile muda mrefu bila kujua jina la mtu hata mmoja. La pili wanaokula ndio wanaopika. Humo nilijifunza majina yote wiki ya kwanza, maana huwezi kubeba sufuria ya moto na mtu usiyejua umwiteje.

Tofauti hii ni ya zamani. Mwaka 1847, wakati wa njaa kuu ya Ireland, mpishi mashuhuri Alexis Soyer alifungua jiko la mfano Dublin. Kengele inalia, watu 100 wanaingia, wanakuta mabakuli mezani na vijiko vimefungwa minyororo, wanakula haraka, wanatoka, kengele inalia tena. Jiko lile lililisha maelfu kwa siku, na kwa njaa ile lilistahili sifa. Ila hakuna jirani aliyepatikana kwenye foleni ile.

Sasa tazama Lima, Peru. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akina mama wa vitongoji vya maskini walianza kuunganisha vyakula vyao na kupika kwa zamu, katika majiko yanayoitwa *comedores populares*. Kaya kadhaa zinanunua kwa jumla, mwanachama analipa kidogo, asiye mwanachama anaongeza, na sehemu fulani inatengwa kwa wagonjwa na wasio na uwezo. Agosti 1990 serikali ilipofuta udhibiti wa bei na vyakula vikapanda mara nyingi kwa usiku mmoja, majiko haya ndiyo yaliyoshikilia mji. Hayakuhitaji kuundwa siku ile. Sufuria zilikuwepo, zamu zilikuwepo, na kila mtu alijua mlango wa kugonga.

Na hawakuishia kwenye chakula. Wanawake ambao hawakuwahi kusimama mbele ya mkutano walichagua viongozi, wakaunda mashirikisho, wakaandamana, na mwaka 1991 Bunge likapitisha sheria namba 25307 inayotambua kazi yao na kuitaka serikali iiunge mkono. Nguvu yao ilionekana kiasi cha kuwatia hofu wenye silaha: Februari 1992 kundi la waasi la Shining Path lilimuua María Elena Moyano, kiongozi wa wanawake wa Villa El Salvador, eneo la pembezoni mwa Lima, aliyekuwa mstari wa mbele katika kutetea majiko hayo. Mtu hauawi kwa sababu ya supu. Waliomuua walielewa kwamba watu wanaojilisha wenyewe hawatishiki kirahisi.

Kwa hiyo, dada mleta mada, jibu langu ni kwamba kinachozaa jamii ni kupeana kazi. Chakula ndicho kinachowaleta mlangoni.

Mama wa Zamu ya Jumatano

Mwiko Mrefu, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, ila naomba nipinge kidogo. Mnapozungumzia akina mama wa Lima, mjue kwamba akina mama hao walirudi nyumbani wakakuta kazi nyingine inawasubiri. Kupika kwa jamii kunaweza kuwa jina zuri la kumwongezea mwanamke zamu ya tatu. Nimeliona kundi letu likienda huko: wanaume wanapanga viti na kuzungumza mambo ya maendeleo, sisi tuko kwenye moshi, halafu picha inapigwa wamesimama mbele.

Tulikataa kwa utaratibu, bila ugomvi. Kazi zote ziliandikwa kwenye vikaratasi: kumenya, kukoroga, kununua, kuosha masufuria, kufagia, kuwashika watoto. Kila mtu mzima anaokota kimoja anapoingia, mwanamume kwa mwanamke. Kuosha masufuria kulihesabiwa sawa na kuongoza kikao. Baadhi ya wanaume walilalamika hawajui kupika. Tukawaambia na sisi hatukuzaliwa tunajua, simama hapa karibu na mimi. Leo mmoja wao ndiye tunayemtegemea kwa kupima chumvi ya sufuria kubwa.

Kule Denmark, kijiji cha makazi ya pamoja cha Sættedammen kilianza mwaka 1972, kila familia na nyumba yake lakini kuna nyumba ya wote yenye jiko na meza ya chakula cha jioni. Sifa ya mtindo huo uliosambaa nchi nyingi ni zamu ya watu wazima wote. Siku yako unapika na kuchoka kweli kweli, siku nyingine unarudi kutoka kazini chakula kiko mezani. Kwa mama mwenye watoto wadogo hilo linampa jioni nzima. Kundi ambalo halimrudishii mwanamke muda, mimi siliiti jamii.

Mleta mada

Mama, umenena. Nimeomba vikaratasi vyako vijaribiwe kwetu.

Mpishi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefanya kazi kwenye jiko la taasisi maisha yangu yote. Yote mliyosema ni mazuri, lakini ugonjwa mmoja wa tumbo unaweza kulivunja kundi lililojengwa kwa miaka. Nisikilizeni.

Sufuria kubwa haina tabia ya sufuria ya nyumbani. Ya nyumbani ukiiepua inapoa upesi. Ya lita 50 inabaki vuguvugu katikati usiku kucha, na kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndipo vijidudu huzaana kwa kasi. Wapo vijidudu ambao mbegu zao hazifi hata chakula kikichemka, hasa kwenye wali na kwenye michuzi ya nyama. Zinasubiri kipoe taratibu, kisha zinaamka. Ndiyo maana mtu anasema "lakini tulichemsha vizuri" na bado watu wanaumwa.

Kwa hiyo kinacholiwa baadaye kigawe mara moja kwenye masinia ya kina kifupi, kipoe haraka na kiingie kwenye baridi ndani ya saa 2. Ukikipasha, kichemke hadi katikati, siyo kupata moto juu tu. Chakula kinachosubiri walaji kibaki juu ya moto, zaidi ya nyuzi 60. Ubao wa nyama mbichi usiguse mboga za kuliwa mbichi. Mwenye kuharisha siku hiyo asishike chakula kabisa, apewe daftari. Na kabla hamjawasha moto ulizeni nani hawezi kula nini. Karanga, maziwa, mayai na samaki wanaweza kumpeleka mtu hospitali.

Nawaomba muyabandike haya ukutani, jirani na hesabu za Mweka Hazina.

Ghorofa ya Tatu

Mimi nilihamia mahali ambapo sikujua lugha ya watu. Kwenye vikao vyao nilikuwa bubu. Jikoni nilikata karoti, nikaonyeshwa zikatwe nyembamba zaidi, nikacheka, wakacheka. Maneno yangu ya kwanza yote yalikuwa ya jikoni: lete, onja, moto, bado, tosha. Kazi niliyonayo niliipata kupitia mtu niliyeosha naye vyombo.

Tulionusurika

Nyumba zetu zilichukuliwa na mafuriko. Kambini tuliletewa chakula kimefungwa, tayari, cha kutosha, na Mungu awabariki waliokileta. Lakini baada ya muda akina mama na wazee waliacha kula. Hawakuwa wameshiba. Mtu aliyezoea kulisha familia yake akiletewa kila kitu mkononi anaanza kujiona hana kazi duniani. Tulichoomba ni jiko, masufuria na vyakula vikavu. Tulipopata, kambi ilibadilika ndani ya wiki. Waliokuwa wamelala mchana kutwa waliamka kuchota maji. Orodha ya kaya tuliyoitumia kugawa sahani ndiyo hiyo hiyo baadaye ilitumika kugawa mabati.

Nilifarijika kujua kwamba si sisi pekee. Baada ya moto wa jengo la ghorofa la Grenfell Tower, London, Juni 2017, uliowaua watu 72, wanawake wa mtaa ule waliomba kutumia jiko la kituo cha Waislamu cha Al-Manaar wapikie familia zao. Mwanzo lilifunguliwa siku 2 kwa wiki kwa kukosa fedha. Mwaka 2018 walitoa kitabu cha mapishi yao, Meghan wa Sussex, mke wa Mwanamfalme Harry wa Uingereza, akakiandikia utangulizi, na mapato yakaliwezesha jiko kufunguliwa siku zote. Walianza kama waathirika, na wao wakawa wanapikia wengine wa mji.

Kwa wanaotoa misaada humu: msipeleke vifurushi tu. Ulizeni pia kama watu wana pa kupikia.

Mgeni wa Uzi

Nimesoma yote. Kwetu watu wanataka kuanza lakini tumekwama kwenye mapishi: wengine hawali nyama, wengine wana sukari, wengine wana masharti ya dini. Mlifanyaje?

Mwiko Mrefu

Mkuu, msingi wa sufuria uwe ule ambao kila mtu anaweza kuula: nafaka, kunde, mboga, bila nyama, chumvi kidogo. Vingine vyote vipikwe pembeni, kwa vyombo vyake na upawa wake. Masingasinga kwenye majiko yao ya bure, *langar*, hupika chakula kisicho na nyama ili mtu wa dini yoyote akae kwenye mstari mmoja sakafuni na kula. Hekalu la Dhahabu la Amritsar, India, linalisha makumi ya maelfu kila siku kwa utaratibu huo, na wanaopika na kuosha sahani wengi wao ni watu waliojitolea.

Mpishi Mstaafu

Na anzeni na watu wachache, mgeni wetu. Sufuria ya watu 15 mtaimudu kwa jiko la kawaida na visu vya nyumbani. Mkifika 40 mtahitaji moto mwingine, maji ya kutosha ya kuoshea na mtu wa kupanga ununuzi siku moja kabla. Mkiwa na eneo, nitumie vipimo vya jiko nikuangalizie.

Mgeni wa Uzi

Marahaba mzee, yaani, shikamoo mzee. Eneo lipo, nyuma ya jengo, lina paa na bomba. Navileta vipimo kesho jioni, na vikaratasi vya Mama wa Jumatano naanza kuvikata leo.